Nukta Iliyoanguka: Historia ya Msumeno wa Maua na Mbao za Harusi Zetu



Leo sina mshono mpya wa kukuonyesheni wala rangi za msimu. Nataka nikuhadithieni kisa kilichonitoa machozi, halafu tuingie pamoja kwenye historia ya kitu ambacho kila siku tunapita chini yake pale Mjini bila ya kukitazama: mbao zilizokatwa matundu ya maua.

Miaka mitatu iliyopita nilipata kazi ya kupamba harusi. Nguo ya bibi harusi nimeshona mimi, jukwaa nimepamba mimi, mpaka vitambaa vya meza. Bibi harusi mwenyewe akaniomba kitu kimoja cha zaidi: ubao wa Bismillah wa kuweka nyuma ya kiti chake, ili kila picha itakayopigwa ianze na jina la Allah. Niya nzuri, mashallah. Nikaagiza kutoka nje. Herufi zimekatwa kwa mashine kwenye mbao za MDF, zimepakwa rangi ya dhahabu, zinang'ara kweli kweli.

Ulipofika, nukta ya herufi ya ba ilikuwa imebanduka, inachezacheza ndani ya mfuko. Mimi nina mashada, nina mataa, nina shela ambayo bado haijapigwa pasi. Nikampa kijana anayenisaidia nikamwambia, "Hebu ibandike hiyo na gundi." Yeye hakuangalia vizuri, na mimi sikurudi kuangalia. Akaibandika kwenye neno la mwisho, chini ya herufi ya ha.

Wenye kusoma mmeshanielewa. Neno lilikuwa Ar-Rahiim, Mwenye kurehemu. Ukiweka nukta moja chini ya ile ha inageuka kuwa jim, na neno linakuwa Ar-Rajiim. Sote tunapoanza kusoma Qur'ani tunajikinga kwa Allah na mwenye sifa hiyo. Nikawa nimemuandikia mtoto wa watu, siku ya harusi yake, kwa herufi za dhahabu, sifa ya shetani baada ya jina la Mola wake.

Aliyeona ni shangazi yake bibi harusi, mwalimu wa chuo. Usiku, ukumbi mtupu, akaniita taratibu. "Mwanangu, nisomee hapa." Nikasoma kwa mazoea, Bismillahir Rahmaanir Rahiim. Akanitazama. "Usisome kwa kichwa. Soma kwa macho."

Nilipoona, miguu iliniisha nguvu. Ubao tuliuteremsha usiku ule ule, na harusi ikapita na maua matupu nyuma ya kiti. Shangazi hakumwambia mtu, Allah amlipe kheri. Lakini mimi sikulala. Asubuhi yake nikaupeleka ubao kwa mzee mmoja fundi seremala, nikamuuliza kwa nini ile nukta ilianguka. Akaugeuza, akaupekua kwa kucha, akasema maneno ambayo ndiyo yaliyonifanya niandike haya yote: "Nukta hii haikuwa na daraja."

Daraja ni nini?

Dada zangu, kuna kuchonga na kuna kukata matundu. Ni kazi mbili tofauti ingawa sote tunaziita nakshi.

Mlango wa Kizanzibari umechongwa. Fundi ana patasi na nyundo, anaondoa mbao kidogo kidogo kutoka juu, ua linabaki limenyanyuka na nyuma yake mbao ipo nzima. Lakini tazama zile mbao zinazoning'inia kwenye kingo za mapaa na roshani za Mji Mkongwe, zile zinazofanana na lesi ya gauni. Zile hazikuchongwa. Zimekatwa kutoka upande mmoja hadi wa pili, mwanga unapita na upepo unapita. Hiyo ni kazi ya msumeno mwembamba sana, chembe ya chuma kama uzi. Mimi nauita msumeno wa maua.

Mshonaji ataelewa haraka kuliko mtu yeyote. Kuchonga ni kama kutarizi juu ya kitambaa. Kukata matundu ni kama zile kofia zetu za vitobo: ua limetokea pale ambapo kitambaa kimeondoka.

Sasa shida yake ni hii. Ukikata duara ndani ya ubao, kipande cha ndani kinaanguka. Kwa hiyo fundi anayechora ua la matundu lazima kila petali, kila jani na kila nukta aiache imeshikana na mwenzake kwa kijishingo chembamba cha mbao. Hicho ndicho mzee alichokiita daraja. Ukichora bila daraja, kipande kinadondoka, kisha mtu anakuja kukibandika kwa gundi. Na mkono unaobandika huenda haujui kusoma, au umechoka, au una haraka kama nilivyokuwa mimi.

Baada ya kujua hilo nikaanza kuuliza. Kazi hii imetoka wapi? Nani aliianza? Imefikaje kwetu? Nilichokipata kimenishangaza, kwa sababu ndani yake yumo mjane, imo charahani, na tumo sisi wanawake.

Mimbari ya Cordoba na magamba ya kasa

Kazi ya kukata vipande vidogo vya mbao na kuvipanga kuwa ua au nyota Waislamu wanaijua tangu zamani. Mwaka 1137 mtawala Ali ibn Yusuf wa dola ya Almoravid aliagiza mimbari kutoka Cordoba, Andalusia, kwa ajili ya msikiti wake wa Marrakesh huko Moroko. Mafundi waliipamba kwa vipande vidogo vya mbao za rangi mbalimbali na mifupa, vimekatwa na kubanana mpaka jicho halioni mwanzo wala mwisho wa umbo. Baadaye ikawekwa katika msikiti wa Kutubiyya na watu wakaijua kwa jina hilo. Mimbari hiyo ipo mpaka leo, imehifadhiwa katika kasri la Badi huko huko Marrakesh. Karibu miaka 900, na bado ukiitazama unasema subhanallah.

Ulaya nao waliipenda sana kazi hii walipopata misumeno myembamba. Jina kubwa ni la fundi Mfaransa, André-Charles Boulle, aliyezaliwa mwaka 1642 na kufariki mwaka 1732. Mwaka 1672 alipewa karakana ndani ya kasri la Louvre, akawa anamtengenezea samani mfalme Louis wa 14. Ujanja wake ulikuwa huu: anachukua bamba jembamba la shaba na bamba la magamba ya kasa, anayabana pamoja, anachora ua juu yake, anakata yote mawili kwa mara moja. Akimaliza ana maua mawili ya shaba na magamba yanayoingiana sawasawa. Ua la shaba analiweka kwenye tundu la magamba, na ua la magamba kwenye tundu la shaba. Kabati mbili kutoka mkato mmoja, moja ni kinyume cha nyingine.

Nilipolisoma hilo nikacheka peke yangu. Kwani sisi tunafanyaje tukitaka maua ya vitambaa viwili yaingiane? Si tunaviweka pamoja, tunapiga pini, tunakata mara moja? Fundi wa mfalme na fundi wa charahani wa Darajani akili zao zimekutana.

Na hayo magamba ya kasa tusiyapite hivi hivi. Kuna kitabu cha safari za baharini kilichoandikwa kwa Kigiriki karibu miaka 2000 iliyopita, kinaitwa Periplus. Kinataja pwani yetu hii ya Afrika Mashariki, na miongoni mwa bidhaa zilizokuwa zikichukuliwa huku ni pembe za ndovu na magamba ya kasa. Ng'amba wetu walianza kupambia nyumba za wenye mali muda mrefu sana. Leo kuuza magamba hayo ni marufuku, na ni vizuri, maana kasa wenyewe wamebaki wachache. Ukiletewa kitana cha magamba ya kasa kuwa ni zawadi ya harusi, kikatae.

Jambo jengine la kuchekesha: msumeno huo huo ndio uliozaa mchezo wa watoto wa kupanga vipande vya picha. Katika miaka ya 1760 mchora ramani wa London, John Spilsbury, alibandika ramani juu ya ubao akaikata kwa kufuata mipaka ya nchi, watoto wajifunze jiografia kwa kuipanga upya. Kwa hiyo mchezo ule ulianza ukiwa ni somo la skuli.

Charahani na msumeno ni ndugu

Hapa ndipo nilipopapenda zaidi.

Mpaka miaka ya 1800 kazi ya msumeno wa maua ilikuwa ya karakana za wakubwa. Halafu ikaja charahani. Elias Howe alipata hataza yake Marekani mwaka 1846, Isaac Singer akapata yake mwaka 1851, na mashine ya kukanyaga kwa mguu ikaingia majumbani. Mguu unakanyaga chini, gurudumu linazunguka, sindano inapanda na kushuka. Mwanamke amekaa sebuleni kwake, mikono yake yote miwili ipo huru kuongoza kitambaa.

Sasa toa sindano, weka msumeno. Toa kitambaa, weka ubao. Umeshapata mashine ya kukata maua. Katika miaka ya 1870 viwanda vya Marekani vilikuwa vinauza misumeno ya kukanyaga kwa mguu kwa ajili ya watu wa kawaida. Kimoja kilichojulikana ni cha ndugu wa ukoo wa Barnes katika mji wa Rockford, Illinois. Ukiona picha ya mashine hizo za zamani utadhani ni charahani ya bibi yako: miguu ya chuma, kikanyagio chini, meza juu. Na kazi ilikuwa ile ile, ubao unauzungusha kwa vidole kama unavyozungusha kola ya gauni kwenye kona.

Ndipo kazi ya wafalme ikashuka kwa watu. Vijana na wanawake walikata rafu za ukutani, fremu za picha, vikapu vya mbao, visanduku vya vito. Wengine walifanya kujifurahisha, wengine waliuza wakapata senti zao. Uingereza kulikuwa na kampuni ya Hobbies katika mji wa Dereham, na kuanzia mwaka 1895 ilitoa jarida la kila wiki lenye karatasi ya mchoro wa kubandika juu ya ubao na kukata. Ni zile zile paterni zetu za gauni! Nani kati yetu hajawahi kutunza paterni ya gazetini chini ya godoro?

Karne ya 20 ikaleta umeme. Mota ikachukua kazi ya mguu na mashine ikawa ndogo ya kuweka juu ya meza. Siku hizi kuna mashine za mwanga wa leza zinazoongozwa na kompyuta, zinakata ubao wa Bismillah kwa dakika chache. Sizilaumu mashine. Ubao wangu haukuharibiwa na mashine, uliharibiwa na mchoro usio na daraja na macho yasiyosoma.

Lesi za mbao za Unguja

Sasa turudi nyumbani.

Ukitoka bandarini ukafuata njia ya Mizingani kuelekea Forodhani, utaliona jengo lenye roshani za mbao zilizokatwa kama lesi, ghorofa juu ya ghorofa. Wengi tunaliita Dispensari ya Zamani, au Dispensari ya Ithnasheri. Aliyelianzisha ni Tharia Topan, mfanyabiashara mkubwa mwenye asili ya Kutch, India, aliyekuwa na mamlaka makubwa katika biashara ya Unguja wakati wa Sayyid Barghash. Mwaka 1887, katika sherehe za miaka 50 ya Malkia Victoria, liliwekwa jiwe la msingi. Kusudio lake lilikuwa liwe hospitali ya masikini.

Tharia Topan hakuliona likimalizika. Alifariki India mwaka 1891. Aliyesimamia mpaka likamalizika mwaka 1894 ni mjane wake. Dada zangu, mara ngapi tumepiga picha za harusi mbele ya jengo lile? Tunaegemea nguzo, tunatandaza shela, mpiga picha anasema cheka kidogo. Na hatujui kwamba roshani zile zimesimama kwa sababu mwanamke aliyefiwa alikataa kuiacha kazi ya mumewe njiani. Mimi tangu nilipojua, nikipita pale namuombea kila mwenye kuachiwa mzigo na akaubeba.

Baadaye, karibu mwaka 1900, jengo lilinunuliwa, na chini yake ikafunguliwa dispensari, ndiyo maana ya jina lake. Baada ya mwaka 1964 lilikaa bila ya matunzo, mvua na chumvi ya bahari zikala mbao. Katika miaka ya 1990 taasisi ya utamaduni ya Aga Khan ililikarabati, roshani zikarudishiwa lesi zake. Mwaka 2000 Mji Mkongwe mzima ukaingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO.

Hatua chache mbele lipo Beit al-Ajaib, Nyumba ya Maajabu, ambayo Sayyid Barghash aliijenga mwaka 1883. Barghash aliwahi kukaa Bombay kabla ya kutawala, na mambo mengi ya majumba ya kule aliyaona kwa macho yake. Nyumba zetu za zamani za Kiarabu zilikuwa na kuta nene na uso mkavu upande wa njiani; uzuri wote umewekwa mlangoni na ndani uani. Katika miaka hiyo ya 1880 na 1890 ndipo roshani za mbao za mtindo wa Kihindi zilipozidi, nyumba zikaanza kuvaa lesi kwa nje.

Siku ya tarehe 25 Disemba 2020 upande mmoja wa Beit al-Ajaib ulianguka na watu wawili wakafariki. Allah awarehemu. Nimelitaja hili kwa sababu tunadhani vitu vya zamani vitakuwepo tu. Havikai wenyewe. Vinakaa kwa sababu kuna mtu anajua kuvitengeneza.

Na tujiulize, matundu yale ni ya nini? Ni uzuri, ndiyo, lakini si uzuri peke yake. Jua letu ni kali na joto la Machi mnalijua. Ubao mzima unazuia jua lakini unazuia na upepo. Ubao wa matundu unakupa kivuli na unakuachia upepo. Na kwa wanawake kulikuwa na la zaidi. Ukiwa nyuma ya ubao wa matundu, ndani kuna kiza na nje kuna mwanga, wewe unaona njia yote, na wa njiani hakuoni. Mama anamuangalia mwanawe anarudi chuoni, anajua nani kapita, anavuta hewa ya bahari, na stara yake ipo. Ni nyumba kuvaa buibui: imefunikwa, na inapumua.

Marfaa ya bibi

Kitu cha mwisho cha historia ni kidogo kuliko vyote, na kipo ndani ya nyumba nyingi za visiwani: marfaa, kile kigoda cha kukunja tunachowekea msahafu.

Bibi yangu alikuwa nayo. Tulipokuwa watoto tukiifungua na kuifunga kama mkasi mpaka tunapigwa. Sikuwahi kujiuliza mpaka yule mzee fundi aliponionyesha: marfaa ya kweli ni ubao mmoja. Haina msumari, haina gundi, haina bawaba ya chuma. Fundi anapasua ubao kwa unene wake kutoka juu mpaka karibu na kati, na kutoka chini mpaka karibu na kati. Pale kati anakata meno yanayoingiliana kama vidole vya mikono miwili. Akimaliza, anaufungua taratibu, na ubao uliokuwa bapa unasimama wenyewe kwa miguu minne. Ukikosea jino moja umeharibu ubao mzima, hakuna kubandika.

Kazi hii ni ya zamani. Katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, ipo marfaa ya mwaka 1360, sawa na mwaka 761 wa Hijra, na fundi ameandika jina lake: Hasan ibn Sulayman al-Isfahani. Ni mtu aliyekata ubao ili neno la Allah lisikae chini, na jina lake limebaki zaidi ya miaka 600. Nani atakumbuka jina la aliyekata ubao wangu wa dhahabu?

Kwa atakayetaka kujaribu

Baada ya kisa kile nilinunua mashine ndogo ya umeme iliyokwishatumika, imeletwa kutoka Dubai. Nimeiweka kwenye kibanda cha uani, pembeni ya charahani. Sijawa fundi, naendelea kujifunza, lakini haya nimeyaona kwa mikono yangu:

Usianze na neno la Allah. Anza na jani, ua, jina la duka lako. Neno tukufu liache mpaka mkono umetulia.

Chora daraja kabla ya kukata. Kila kipande kinachoelea kitafutie pa kushikia. Kama ni maandishi ya Kiarabu, mchoro ukimalizika mpe mwenye elimu ausome kabla ya kukata, na ausome tena baada ya kukata. Mimi sasa sitoi kazi mpaka watu wawili wameisoma kwa macho.

Bandika karatasi ya mchoro juu ya ubao. Toboa tundu dogo kwa keekee ndani ya kila sehemu itakayotoka. Legeza msumeno upande mmoja, upitishe kwenye tundu kama unavyotunga uzi, kisha ukaze. Ukiugusa kwa kidole ulie kama uzi wa gambusi. Ukiwa mlegevu utakwenda upande. Meno yake yatazame chini.

Kata matundu ya ndani kwanza, mzunguko wa nje mwisho, ili ubao uwe na nguvu wakati unaufanyia kazi. Usiusukume. Mshonaji anajua: ukivuta kitambaa, sindano inavunjika. Hapa unavunjika msumeno.

Plaiwudi nzuri inafaa kujifunzia. Mfenesi na msaji ni mbao nzuri za kazi ya kudumu. MDF inakata kwa urahisi lakini ikiingia maji inavimba, na hewa yetu ya bahari haina huruma. Vumbi lake, na vumbi la mvule pia, si la kuvuta. Vaa barakoa na miwani, fanya kazi penye upepo, na watoto wakae mbali.

Na sisi tunaojistiri tuwe na hadhari zaidi. Mtandio uchomekwe ndani, mikono ya nguo ifungwe, bangili na pete zivuliwe. Buibui la mikono mipana likae msumarini mpaka umalize.

Mwisho wa kisa ni huu. Mwaka jana nilifuatana na yule mzee, nikatengeneza marfaa ya mfenesi. Meno ya kati amekata yeye, maua ya matundu nimekata mimi. Ya kwanza ilipasuka wakati wa kufungua. Ya pili ikapasuka. Ya tatu ikasimama. Sikuiandika neno lolote, nimeweka majani na maua tu, kila jani na daraja lake.

Nikampelekea yule bibi harusi wangu, ambaye sasa ana mtoto wa kike. Nikamhadithia yote, kwa sababu alikuwa na haki ya kujua kwa nini nyuma ya kiti chake palikuwa patupu. Alinyamaza kidogo, kisha akaweka msahafu juu ya marfaa, akasema, "Afadhali ulikuwa mtupu siku ile." Akanisamehe. Allah amjaalie yeye na mwanawe.

Kwa hiyo dada yangu unayeolewa: ukitaka ubao wa Bismillah, usiuache, ni jambo zuri. Lakini kabla hujaupokea, simama mbele yake uusome kwa macho, herufi kwa herufi, nukta kwa nukta. Kisha muulize fundi wako zilipo daraja zake.

Tuonane tena inshaallah. Maa salaam.